Siku Sita Rungwe: Kipunji Kushoto, Kuvumwani Kulia

Siku ya kwanza, Jumatatu. Uyole hadi Isongole

Kabla Coaster haijaondoka Uyole, Mbeya, kuelekea Mlima Rungwe nimefungua daftari jipya nikaandika vichwa viwili. Ukurasa wa kushoto: KIPUNJI. Ukurasa wa kulia: KUVUMWANI. Nimejiahidi kulijaza hivyo kwa siku zote sita, mnyama upande huu na kuvu upande ule.

Aliyenitia njiani ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nilikuwa nafundisha uainishaji wa viumbe, nikamtaja kipunji, kima wa milima yetu asiyepatikana popote duniani nje ya Tanzania. Darasa likachangamka, kila mmoja akataka kujua anafananaje. Tulipofika kwenye kuvu nikataja hamira, uyoga na ukungu wa mkate, mada ikaisha kabla ya kengele. Binti huyo akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kuvu nazo huwa hatarini kutoweka?" Nikamwambia ndiyo, huwa. Akauliza, "Kama ipi?" Sikuwa na hata moja ya kumtajia. Swali lile limenikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Barabara ya Tukuyu inapanda huku mashamba ya viazi yakiisogelea lami pande zote mbili. Kisha ukungu ukashuka ghafla, dereva akawasha taa saa nne asubuhi. Nimeshuka Isongole nimevaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Mwenyeji wangu, mzee aliyewaongoza watafiti msituni kwa miaka mingi, alikuwa ananisubiri kituoni na koti lake refu la mvua.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Shikamoo."

"Marahaba. Umemfuata kipunji?"

"Kipunji, na kuvumwani, zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti."

Akanitazama kitambo. Akasema ameingiza watu msituni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kumpokea mtu aliyefunga safari kwa ajili ya ndevu.

Usiku huu, kwa mwanga wa taa ya sola, nimejaza ukurasa wa kushoto bila shida. Mwaka 2003 timu ya watafiti iliyoongozwa na Tim Davenport ilisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wapo waliodhani ni kiumbe cha hadithi. Timu ikamtafuta, ikamwona hapa Rungwe. Mwaka 2004, bila kujua yaliyotokea huku, timu nyingine ya Trevor Jones ikamwona kima yuleyule kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, umbali wa kilomita kama 350. Mwaka 2005 wakamtangaza pamoja. Ukurasa umejaa hadi pembezoni.

Wa kulia una mstari mmoja: "Kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi kama mwili mmoja."

Siku ya pili, Jumanne. Miteremko ya Rungwe

Hatukumwona kipunji leo. Tulisikia mbega wakikoroma kwenye bonde la chini, tukaona kima wawili wakivuka njia kwa kuruka, basi. Ni siku ya ukurasa wa kulia, nami nimeifurahia kuliko nilivyotarajia.

Msitu huu unanyeshewa karibu mwaka mzima. Upande wa kusini-mashariki mvua hufika hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Mvua isiponyesha, ukungu hufanya kazi hiyo. Unapita kati ya miti kama moshi wa jiko la kuni, na kila unachogusa unakiacha kimelowa. Ni ukungu huo unaozilisha ndevu. Zinaning'inia matawini, kijani iliyochanganyika na kijivu, nyingine ndefu kuliko mkono wangu. Kitaalamu jenasi yake inaitwa Usnea. Mzee anaziita ndevu za miti tu, na sioni jina lililo bora zaidi.

Alinisimamisha chini ya mti mkubwa wenye kitanzi cha mizabibu pori, akachukua tawi lililoanguka lenyewe. Nimekuja na ruhusa ya kutazama, si ya kukusanya, kwa hiyo tumekubaliana kugusa kilichokwisha kuanguka tu. Nikashika uzi mmoja uliolowa, nikauvuta taratibu. Ganda la nje likakatika vipande kama shanga, ndani ukabaki uti mweupe unaonyumbuka kama mpira. Hiyo ndiyo alama ya Usnea. Wapo kuvumwani wengine wanaoning'inia na kufanana nayo kwa mbali, lakini ukiwavuta huoni uti huo.

Kwa kioo cha kukuzia nikaona mengine. Juu ya nyuzi kulikuwa na visahani vidogo vyenye kope pembeni. Humo kuvu hutengeneza mbegu zake, spora, na kuzikabidhi kwa upepo. Hapo pana jambo lililonifanya nikae chini kwenye majani yaliyolowa: spora ile ni ya kuvu peke yake. Haina mwani ndani yake. Ikitua kwenye gome jipya ni lazima ikutane na mwani wa aina inayofaa, la sivyo haitakuwa ndevu kamwe. Kwa hiyo kuvu ina njia ya pili pia. Hubandua chembe ndogo za unga zenye nyuzi za kuvu zilizoukumbatia mwani, wakasafiri pamoja. Njia ya kwanza ni ya kuposa ugenini, ya pili ni ya kuhama na familia nzima.

Mwani ndio unaopika. Unachukua mwanga na hewa, unatengeneza sukari, na kuvu inaishi kwa hiyo sukari. Kuvu nayo inajenga nyumba, inashika maji, inakinga jua. Hakuna mzizi hata mmoja. Ndevu hizi hazinyonyi mti, zimeushika tu. Nimelisisitizia hilo kwenye daftari kwa sababu hata mimi nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba miti yenye ndevu inaumwa. Nitalisahihisha.

Mzee alisikiliza yote haya kwa makini, kisha akauliza, "Sasa hilo jina la kizungu ni la nani kati yao?" Ni swali ambalo wanasayansi wenyewe walilipatia jibu la kisheria: jina la kuvumwani ni jina la kuvu. Mwani una jina lake kwingine. Akatikisa kichwa, akasema basi anayepika hatajwi mlangoni.

Jioni, karibu na mianzi, hewa ikawa nyembamba na baridi ikauma vidole. Tumerudi kambini kwa tochi.

Siku ya tatu, Jumatano. Kipunji

Saa moja kasoro robo asubuhi. Nilikuwa nafunga kamba za viatu mlio ulipotoka bondeni, mzito na wa chini, kitu kati ya honi ya lori na mbweko wa mbwa mkubwa. Mzee aliinua kidole kimoja. Mlio ukajibiwa kutoka ng'ambo.

Tukashuka kwa zaidi ya saa moja bila kusema neno. Kwanza niliona matawi yakitikisika mahali pasipo na upepo. Kisha mkono, kisha mkia mrefu wenye ncha nyeupe, kisha uso mweusi ukitutazama kutoka juu ya tawi la mlalo, na juu ya uso huo shungi la nywele lililosimama wima. Kipunji. Nywele zake ni ndefu, za kahawia iliyofifia, tumbo linaelekea weupe. Ni koti la mnyama anayelala mahali ambapo usiku baridi hushuka hadi kuganda. Nilihesabu kumi na wanane kabla ya kuchanganyikiwa. Mzee alisema kundi hili lina zaidi ya thelathini, na wengi walikuwa wamejificha nyuma ya majani.

Walikaa nasi kwa dakika arobaini. Jike mmoja mwenye mtoto kifuani alikuwa anachambua gome. Dume alikaa peke yake, akatoa ule mlio, na nikauhisi kifuani kabla ya masikio.

Ukurasa wa kushoto leo una habari ambayo sikuwa nimeipangia. Mwaka 2005 alipotangazwa, aliwekwa kwenye jenasi ya mangabei, kima wengine wa misitu ya Afrika, kwa kuwa anafanana nao kwa umbo na kwa kuishi juu ya miti. Hakukuwa na mnyama aliyeuawa kwa ajili ya kumtambulisha. Picha ndiyo iliyotumika kama kielelezo, na wapo waliolalamika kwamba picha haitoshi. Baadaye kipunji mmoja mchanga akafa kwenye mtego wa mkulima, shambani kwa mahindi. Mwili ule ndio uliofungua jambo. Vinasaba vilionyesha yuko karibu zaidi na nyani wa porini kuliko mangabei aliofananishwa nao. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Uchunguzi uliofuata ukakuta kwamba vipunji wa huku Rungwe wamebeba vinasaba vya upande wa mama vinavyofanana na vya nyani wa manjano. Maana yake, zamani sana, koo hizi mbili zilichanganya damu.

Nikaishika kalamu muda mrefu. Upande wa kulia una kisa chake kinachofanana na hiki. Mwaka 1867 Mswisi Simon Schwendener alisema kuvumwani si mmea mmoja bali ni kuvu iliyoshikamana na mwani. Mabingwa wa fani ile walimkataa. Mmoja wao alikuwa William Nylander, yuleyule ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa amegundua kwamba kuvumwani zinatoweka kwenye bustani za Paris kwa sababu ya hewa chafu. Mtu aliyeona hilo kwa jicho kali kiasi hicho hakuweza kukubali kwamba kiumbe alichokipenda kilikuwa viwili. Na hesabu haikuishia hapo. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walitangaza kwamba ndani ya ganda la kuvumwani nyingi wamekuta kuvu nyingine tena, ya aina ya hamira.

Kipunji alionekana mangabei, kumbe ndani ana unyani. Ndevu zilionekana mmea, kumbe ni kaya. Nimeyaandika haya katikati, juu ya mshono wa daftari, kwa kuwa sikujua niyaweke upande gani.

Siku ya nne, Alhamisi. Mvua

Mvua tangu alfajiri. Hatukutoka. Tumekula ndizi na maharage, tumekunywa chai ya Rungwe mara tano au sita.

Nimetumia siku kwa hesabu. Vipunji wamehesabiwa. Watafiti walitembea msitu huu na ule wa jirani wa Livingstone na ule wa Ndundulu, na mwaka 2008 wakachapisha: vipunji 1,117 kwa makundi 38, wote wakiishi katika eneo la kilomita za mraba 17.69. Kati yao 75 tu walikuwa Ndundulu. Kwenye orodha nyekundu ya viumbe ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, akawekwa ngazi ya juu kabisa ya hatari kabla ya kutoweka. Ulinzi ukaongezeka, Mlima Rungwe ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, na Livingstone tayari ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyotangazwa 2005. Hesabu iliyofanywa zaidi ya miaka kumi baadaye ikakaribia 2,000. Sasa yuko ngazi moja chini, bado hatarini, lakini amepumua. Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara inanipa furaha ileile. Watu walitembea kwa miguu kwenye matope haya wakahesabu vichwa, na kuhesabu kule kukawa msingi wa ulinzi.

Ukurasa wa kulia: kuvu zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi ni kama 150,000. Makadirio ya 2017 yanasema zilizopo duniani ni kati ya milioni 2.2 na 3.8. Mwaka 2025 IUCN ilitangaza kwamba kuvu zilizotathminiwa kwenye orodha nyekundu zimefika 1,300, na kati ya hizo angalau 411 ziko hatarini. Miongoni mwa za kwanza kabisa kuingia kwenye orodha ile, mwaka 2003, ilikuwa kuvumwani: Erioderma pedicellatum, ya misitu ya baridi na ukungu ya kaskazini. Binti yangu wa kidato cha pili, jibu lako ni hilo. Na ni ndugu wa hizi ndevu ninazozitazama dirishani, akiishi kwa ukungu kama zenyewe.

Nilimsomea mzee tarakimu hizi. Akasema, "Kipunji ana macho. Ukimtazama anakutazama."

Siku ya tano, Ijumaa. Bujingijila

Leo kwa bodaboda hadi Bujingijila, ushoroba mwembamba unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone. Kwenye ramani unaonekana kama shingo. Ukifika unaona kwamba shingo hii imechunwa: vipande vya miti, vichaka, uwazi, halafu miti tena. Watu walikata mbao hapa, wakachoma mkaa, wakalima. Sehemu nyingine sasa zinarudi, miche imesimama kwa mistari katikati ya magugu.

Nilisimama kwenye uwazi mmoja nikajaribu kufikiri kama kipunji. Ni mnyama wa juu. Ardhini hushuka kwa nadra. Miti isipogusana, upande wa pili ni nchi nyingine. Kundi la Rungwe na kundi la Livingstone likikatwa hapa, vijana hawataoana, na miaka ikipita kila upande utabaki na damu yake peke yake.

Kisha nikajaribu kufikiri kama ndevu. Mwanzoni nilidhani kuvu ina nafuu kubwa, kwani upepo hauhitaji ushoroba. Spora inaweza kuvuka uwazi huu kwa dakika. Lakini itue wapi? Nilikagua miche michanga kwa kioo changu, mmoja baada ya mwingine. Magome laini, makavu, jua linayapiga moja kwa moja. Kulikuwa na madoa machache ya kuvumwani bapa, zile zinazotangulia mahali papya. Ndevu hakuna. Hatua mia moja mbele, ndani ya kipande cha msitu wa zamani, miti ilikuwa imefunikwa. Ndevu zinataka gome lenye umri, kivuli cha kadiri, ukungu unaokaa. Msitu mzima huvuta ukungu na kuushika. Ukiufyeka, ukungu hupita juu bila kutua. Zikikauka kwa siku kadhaa hazifi, hulala tu zikawa kavu za kuvunjika, zikisubiri. Kwa miaka, sidhani kama zinaweza kusubiri.

Kwa hiyo mnyama anaweza kukaa na asiweze kuvuka, na kuvu inaweza kuvuka na isiweze kukaa. Hili nimeliandika kwa herufi kubwa. Nadhani ndilo nililolifuata huku bila kujua.

Mkulima mmoja mama mtu mzima alikuwa anapalilia viazi pembeni. Nilimsalimia, akaniuliza natafuta nini kwenye miche. Nilipomweleza, akasema zamani, alipokuwa msichana, njia hii ilikuwa giza mchana, na ndevu zilikuwa zinakugusa usoni ukipita na kuni kichwani. Akaonyesha kwa mkono zilikuwa zinafika wapi. Akagusa shavu lake.

Siku ya sita, Jumamosi. Alfajiri, kisha nyumbani

Gari langu ni la saa tano. Mzee alikuja kugonga mlango saa kumi na moja, ananiambia kundi limelala karibu. Tulipanda gizani.

Mwanga ulipotosha kutenganisha jani na jani, tuliwaona wameketi kwa mafungu ya wawili watatu, wamejikunja, nywele zimejaa matone. Ukungu ulikuwa unapita katikati yao. Kijana mmoja, si mtoto tena na si mkubwa bado, alijinyoosha, akasogea hadi mwisho wa tawi lililosheheni ndevu. Akainusa ile rundo. Akaingiza mkono, akavuta, akapeleka mdomoni. Akatafuna. Watafiti wameandika kwamba kipunji hula majani, matunda, magome, maua, wadudu, na pia kuvumwani. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Nilitazama kwa darubini hadi mikono ikatetemeka. Uzi mmoja ulibaki umening'inia mdomoni mwake, akaumalizia kwa kidole.

"Umeona?" mzee alinong'ona.

"Nimeona, tata. Ndaga fijo, asante sana."

Ninaandika haya kwenye Coaster, tumeshapita mashamba ya viazi. Mstari wa leo umeanzia ukurasa wa kushoto, umevuka mshono na kuishia wa kulia: saa kumi na mbili na dakika ishirini, kipunji mmoja kijana, tawi la tatu kutoka chini, ndevu kiasi cha kujaa kiganja.